Vuguvugu

Kwetu ni Namasakata, katika Mkoa wa Ruvuma. Nimekaa sehemu nyingi tangu nilipoondoka huko nikiwa kijana, na kazi nimestaafia Dar es Salaam, lakini kila ninaposikia neno "vuguvugu" mawazo yangu hurudi uani kwa bibi yangu mzaa mama, mahali ilipokuwa mitungi yake mitatu chini ya kivuli cha mwembe. Neno hilo ndilo ninalotaka kulizungumzia katika sura hii. Nililidharau nikiwa na miaka kumi na saba, nikalilipia, na aliyelipa zaidi hakuwa mimi.

Bibi alikuwa mpika togwa na pombe. Vyote viwili vilitoka katika kimea kimoja cha ulezi. Aliloweka ulezi, akauopoa, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka uchipue, kisha akauanika juani na kuusaga. Kwa togwa alipika uji wa mahindi, akauacha upoe hadi uwe vuguvugu, akatia unga wa kimea na kukoroga. Uji mzito ulilainika na kuwa mtamu mbele ya macho yetu, na kesho yake ukawa na ukali kidogo wa kupendeza. Watoto walikunywa, wagonjwa walikunywa, mashehe na makatekista walikunywa. Uji wa pombe ulikuwa na safari ndefu zaidi: ulipikwa, ukachachuka, ukapikwa tena, ukatiwa kimea kwa mara ya pili, na ndani yake yakamiminwa mashapo kidogo ya pombe iliyotangulia. Mashapo hayo Bibi aliyaita "mama". Kwa fedha ya mama huyo wa mtungini tulivaa, tukanunua chumvi, na mimi na dada yangu mdogo tukasoma.

Siku hizi tunajua mama huyo ni nani. Ni hamira, viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari na kutoa kileo na hewa ya ukaa. Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kulithibitisha jambo hilo mwaka 1857. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen alifaulu kuotesha hamira safi ya aina moja katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Togwa yetu nayo imekwisha kuchunguzwa. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2003, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walishiriki, walikuta ndani yake bakteria wa uchachu wa aina kadhaa wakiishi pamoja na hamira, mojawapo ikiwa ile ile ya mikate, Saccharomyces cerevisiae. Bibi hakuwa na majina hayo. Alikuwa na kidole chake cha shahada, pua, sikio, na maneno machache: baridi, vuguvugu, moto, kidogo, kiasi, sana, bado, tayari.

Mwezi wa Juni 1981 nilirudi likizo nikiwa na kipimajoto nilichokiazima katika maabara ya shule. Nilikuwa kijana wa sayansi. Nilikaa kando ya Bibi siku tano nikipima kila alichokigusa. Siku moja alisema uji ni vuguvugu, kipimajoto kikasema nyuzi 33. Siku nyingine akasema vile vile, nacho kikasema 40. Nilicheka sana.

"Bibi, vuguvugu lako halina kwao," nilimwambia. "Leo liko hapa, kesho liko kule."

"Na asubuhi ya leo ni sawa na ya jana, bwanangu?" aliniuliza. Ndivyo alivyozoea kuniita kwa utani, kama bibi wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Kisha akaanza kunieleza. Kama asubuhi ni ya baridi sana na kimea ni cha mwaka jana, tia uji ukiwa bado na moto kidogo, na mtungi uufunike vizuri. Kama jua ni kali na kimea ni kipya, ngoja upoe zaidi. Kama povu limepanda haraka mno, hamishia mtungi kivulini. Kama povu ni dogo na harufu bado ni ya uji, usogeze karibu na majivu ya moto. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, huku akichambua majani. Mimi nilikuwa na daftari mapajani. Nilichoandika ni kitu kimoja tu, nilichokipata kwa kujumlisha na kugawanya: nyuzi 35.

Wiki ya pili Bibi aliitwa msibani kijiji cha pili. Uji wa pombe ulikuwa umeshapikwa mara ya pili, kimea chote kilichobaki kilikuwa ndani ya kapu, na pombe hiyo ilikuwa na kazi maalumu: nauli ya dada yangu ya kurudi shule ya bweni, pamoja na sabuni, ambayo miaka ile ilikuwa adimu na bei yake haishikiki. Bibi aliniachia kazi hiyo. Nilifurahi.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali, ukungu umeshika bonde lote. Kimea kilikuwa cha mavuno ya mwaka uliopita. Mtungi ulilala nje na ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mimi nilitazama kipimajoto tu. Ilipofika 35 kamili nilitia kimea, nikatia mama, nikakoroga, nikafunika kwa ungo, nikaenda kucheza mpira. Uji uliingia katika mtungi wa baridi ukapoa mara moja. Siku ya pili hapakuwa na povu. Siku ya tatu palitokea utando mweupe na harufu ambayo siyo ya uji wala ya pombe. Hamira ililala, na wageni wengine wakaamka kabla yake.

Bibi aliporudi aliufunua mtungi, akanusa, akatia kidole, akakitoa na kukifuta kwenye kanga. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kipimo chako kimepima uji, bwanangu. Baridi ya nje hakikuipima."

Aliuza kanga zake mbili mpya. Fedha haikutosha mpaka alipopata nyingine ya kukopa. Dada yangu alipanda lori la Songea wiki mbili baada ya wenzake, na alipofika alikuta jaribio la hesabu limekwisha kufanywa. Mimi nilikuwa nimetangulia kurudi shule kwa nauli yangu, iliyotengwa mapema.

Bibi alifariki mwaka 1988. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda cha mikate Dar es Salaam, nikiwa fundi mwenye cheti. Kazi yangu ilikuwa hamira ile ile, sasa ikija katika pakiti, na vipimajoto vilikuwa kila ukuta. Sikufikiri sana habari za mitungi.

Ilikuwa mwaka 1993 nilipokutana na jambo lililonirudisha Namasakata. Mhandisi mmajo wa hapo kazini alileta jarida lililoeleza mashine za Kijapani za kufulia na vyungu vya umeme vya kupikia wali, ambavyo vilisemekana kufanya kazi kwa mantiki mpya. Iliitwa mantiki fazi. Katika Kiswahili chetu ningependa kuiita mantiki ya kiasi, na nitaeleza kwa nini.

Tangu zamani za Aristotle, mantiki ya wasomi imedai kwamba jambo ama ni kweli ama si kweli. Maji ama ni moto ama si moto. Ukiamua kwamba moto unaanzia nyuzi 40, basi maji ya nyuzi 39 na nusu hayamo. Mwaka 1965, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aitwaye Lotfi Zadeh, aliyezaliwa Baku mwaka 1921, alichapisha makala akipendekeza njia nyingine. Alisema kitu kinaweza kuwamo katika kundi kwa kiasi fulani, kuanzia 0, yaani hakimo kabisa, hadi 1, yaani kimo chote. Wataalamu wengi walimpinga, wengine kwa maneno makali, wakiona kwamba anataka kuingiza uzembe katika hesabu.

Chukua uji wa nyuzi 40. Mantiki ya kiasi inaweza kusema kwamba ni vuguvugu kwa 0.3, na ni moto kwa 0.7. Sasa tuchukue amri mbili za mpishi. Ya kwanza: ikiwa ni moto, ngoja sana, tuseme dakika 60. Ya pili: ikiwa ni vuguvugu, ngoja kidogo, tuseme dakika 10. Amri zote mbili zinasikilizwa kwa pamoja, kila moja kwa uzito wake. 0.7 mara 60 ni 42, na 0.3 mara 10 ni 3, jumla dakika 45. Hiyo ndiyo hesabu yake kwa njia iliyorahisishwa. Ukiongeza amri nyingine kuhusu baridi ya asubuhi na umri wa kimea, jibu litasogea mbele au nyuma kidogo kidogo, kama alivyosogea Bibi kati ya 33 na 40. Vuguvugu lake lilikuwa na kwao. Aliyekosa ramani ni mimi.

Lakini kilichonigusa zaidi kuliko Zadeh ni habari ya mtu aliyeifanya mantiki hiyo ishike mtambo. Jina lake ni Ebrahim Mamdani. Alizaliwa mwezi wa Juni 1942 katika nchi hii ambayo leo tunaiita Tanzania. Alisoma India, akaenda Uingereza mwaka 1966, akapata udaktari wake katika Chuo cha Queen Mary cha Chuo Kikuu cha London na kubaki hapo kufundisha. Pamoja na mwanafunzi wake Seto Assilian alikuwa akishughulika na injini ndogo ya mvuke iliyokuwa katika maabara. Kazi ilikuwa kuitawala isichemke kupita kiasi wala kulegea, kwa kubadili joto la tangi na kufungua au kufunga njia ya mvuke.

Mwaka 1973 Zadeh alikuwa ametoa makala nyingine, akionyesha jinsi amri zinavyoweza kuandikwa kwa maneno ya kawaida. Mamdani aliisoma, akaona njia. Badala ya kutafuta kwanza milinganyo yote ya injini, waliandika amri ambazo mwendeshaji mwenye uzoefu angezitumia: ikiwa mgandamizo wa mvuke umepungua sana na haubadiliki, ongeza joto sana, ikiwa umepungua kidogo lakini unapanda, ongeza kidogo tu. Amri hizo chache zilitiwa katika kompyuta. Matokeo yalitolewa mwaka 1974 na 1975, na injini ilitii vizuri. Njia hiyo inafundishwa mpaka leo katika vyuo vya uhandisi duniani kwa jina lake, njia ya Mamdani. Baadaye alihamia Chuo cha Imperial, London, na alifariki mwezi wa Januari 2010.

Baada ya injini ile mambo yalikwenda mbio. Wadenmarki walitangulia kuitumia njia hiyo katika tanuri za saruji, ambako kwa miaka mingi waendeshaji walikuwa wakitazama rangi ya moto kwa macho na kuamua. Mwaka 1987 mji wa Sendai, Japani, ulifungua reli ya chini ya ardhi ambayo treni zake ziliondoka na kusimama kwa mantiki hiyo, taratibu, bila kuwayumbisha abiria.

Hatimaye ikafika kwenye hamira, na si ajabu kwamba ilikaribishwa huko. Injini ya mvuke ni chuma, lakini hamira ina maisha yake. Leo ina njaa, kesho imeshiba. Ikizaliana hubadilisha chakula inachokula na joto la mahali inapokaa. Waliowahi kutengeneza hamira ya mikate wanajua shida yake. Wanailisha molasi, yaani maji mazito yanayobaki baada ya kutengeneza sukari, huku wakiipulizia hewa. Ukiilisha kidogo mno, inadumaa. Ukiilisha kwa wingi mno, hata kama hewa ipo, inaacha kuongezeka na kuanza kutengeneza kileo, na molasi yako imepotea bure. Mtawala wa mtambo hulinganisha hewa ya ukaa inayotoka na oksijeni inayotumika. Vikiwa karibu sawa, mambo ni mema. Ya kwanza ikizidi, kileo kimeanza. Hapo fundi mzoefu hasemi "punguza molasi kwa asilimia nne nukta mbili". Husema "imezidi kidogo na inapanda, punguza kidogo". Maneno hayo ndiyo mantiki fazi inayoyataka.

Kwa Wajapani jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu ya pombe yao ya mchele, sake. Humo wanga hugeuzwa sukari, na hamira huila sukari hiyo, yote katika pipa moja kwa wakati mmoja, kama ilivyokuwa katika mtungi wa Bibi. Tofauti ni kwamba wao hutumia ukungu mahali petu pa kimea. Mkuu wa wapishi wao huitwa toji. Anaonja, ananusa, anatazama povu, kisha anaamuru pipa lipoozwe au liachwe. Mwaka 1991 watafiti wa Kijapani walitoa habari za jaribio walilofanya: walichukua ujuzi wa wapishi hao wazoefu, wakaugeuza kuwa amri za "kama" na "basi", na kuiachia kompyuta itawale joto la pipa.

Nilisoma habari hizo nikaweka jarida chini. Wajapani walikwenda kwa wazee wao na daftari, wakaandika maneno. Mamdani, mtoto wa nchi yetu, alijenga sifa yake kwa kuheshimu maneno ya mwendesha mtambo. Mimi nilikuwa na daftari mapajani, mzee wangu akinisemea amri moja baada ya nyingine, nami nikaandika namba moja na kumwacha aendelee kusema.

Sitaki msomaji adhani kwamba nakilaumu kipimajoto. Mtambo wa Mamdani nao huanza kwa kupima. Namba huingia, hugeuzwa maneno, maneno hupimana uzito, na mwisho hutoka namba ya kufungulia bomba. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba namba moja imetosha, na kwamba mtu asiyetaja namba hana hesabu. Wala sidai kwamba mantiki hii ni dawa ya kila kitu. Ukiipa amri mbaya, itazitii amri mbaya kwa uaminifu. Uzuri wake wote hutegemea aliyeulizwa na jinsi alivyosikilizwa, na mtu huulizwa akiwa hai.

Kwa kuwa Bibi hayupo tena, nilimwendea dada yangu. Yeye aliendelea na masomo licha ya yote, akawa mwalimu, sasa amestaafu na anaishi Songea. Huko hupika togwa ya kuuza kwa majirani na kwenye sherehe. Nilifika kwake mwezi wa Julai, nikamwomba tuandike amri za Bibi. Alicheka.

"Kaka, umekumbuka leo?"

"Nimechelewa," nilisema.

"Mimi nilichelewa wiki mbili tu," alijibu, akaenda kubandika sufuria.

Tuliandika kutwa nzima. Nne nilizikumbuka mimi, zile nilizozisikia kwa sikio moja mwaka 1981. Saba zilikuwa zake. Nyingine alizifanya bila kuzisema, ikanibidi nimzuie mkono na kumwuliza: mbona umekifunua chungu? Mbona umeongeza kimea? Mara nyingine hakuwa na jibu mpaka afanye tena polepole. Tulipofika kwenye ile ya vuguvugu, maneno yalimwishia kabisa. Alinitazama, akanishika mkono wa kulia kama tulivyokuwa tukishikwa utotoni, akaingiza kidole changu katika uji, tukangoja. Kwanza uliniunguza kidogo. Baadaye ukanizoea.

"Hapo," alisema.

Nilikuwa na kipimajoto mfukoni, nikakitumbukiza. Kilisoma 39. Niliiandika namba hiyo, na mbele yake nikaandika yaliyobaki: asubuhi ya baridi, chungu kimelala nje, kimea cha mwaka jana.